Kiangazi Korongoni

Jumatatu, 3 Juni

Muuguzi wa zahanati kaniambia niandike kila siku, hata mstari mmoja. Nilikwenda kwake kwa sababu silali, nikatoka na vidonge na huu ushauri. Haya, naandika. Leo msimu umefunguliwa. Mvua zimekatika, barabara ya mlimani imechongwa upya. Wageni wanne, nimewapeleka kwenye kreta, shimo la volkeno kule kileleni. Nimewaambia mlima umelala lakini haujafa, kwa hiyo waongee taratibu. Wamecheka pale panapochekwa. Nimerudi.

Jumanne, 4 Juni

Wageni sita. Kreta.

Ijumaa, 7 Juni

Muuguzi kasema pia niandike juu ya watu ninaoishi nao, si wageni tu. Basi.

Ofisini tuko watatu. Mwenye kampuni ni Shemeji, kaka yake marehemu mume wangu. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja kando ya gati: kaunta, benchi la wageni, ramani kubwa ya kisiwa ambayo jua limeifuta upande wa kusini, na feni inayopuliza ukuta. Dereva tunamwita Breki kwa sababu anazikanyaga hata kwenye njia tambarare. Mwaka jana mimi nilikuwa wa kaunta na simu. Aliyekuwa anaongoza wageni ni mume wangu. Mwaka huu naongoza mimi. Fulana yake ya kazi inanipwaya mabegani lakini inafaa.

Nyumbani tuko wawili, mimi na mama mkwe. Alikuja kwa ajili ya msiba na hakuondoka, na mimi sikumuuliza ataondoka lini. Nikirudi nakuta chakula tayari. Tunakula, naosha vyombo, anafunga madirisha. Habari za mwanawe hatuzigusi. Sijui kama tunaogopa au tumezoea tu.

Jumamosi, 15 Juni

Leo korongo limefunguliwa. Tangu mwaka jana lilikuwa na mnyororo getini. Watu wa hifadhi wamebadilisha ngazi zilizooza, wamefunga kamba mpya za kushikilia, wameweka na bango lenye maandishi mekundu. Korongo ni ufa mlima ulipojipasua enzi za moto wake. Kuta nyeusi huku na huku, majani yananing'inia, chini kuna mto wa kufika vifundoni, na ukiufuata hadi mwisho unakuta maporomoko yanayoangukia kwenye bwawa la maji ya uvuguvugu. Kuna wanaovuka bahari kuja kuoga humo tu.

Shemeji alinivuta pembeni getini. "Shemeji, kama huwezi, baki hapa na Breki. Hakuna atakayekulaumu."

Nikamwambia naweza, na kweli niliweza. Nilishuka ngazi, nikamshika mkono bibi mmoja mwenye magoti mabovu, nikawaonyesha pa kukanyaga. Tukafika pale. Ni mwamba tu. Mkubwa kama gari dogo, upande mmoja una ukoko mweupe.

Shemeji akasimama mbele yake akaanza kusimulia. Sikujua kwamba angesimulia. Alisema mwaka jana mwishoni mwa msimu mvua ilinyesha kule juu mlimani na huku chini jua linawaka, maji yakashuka ghafla. Mdogo wake, aliyekuwa ameshawatoa watu wote, alirudi kumchukua mtoto wa mgeni aliyekwama juu ya mwamba huu. Akamrusha mtoto kwa watu, maji yakamchukua yeye. Mama mmoja aliweka kiganja kwenye mwamba kama anayempima mtu homa.

Ndiyo habari hiyohiyo niliyopewa mimi siku ile, nimesimama nyuma ya kaunta na simu mkononi. Ila sikuwahi kuisikia ikipangwa namna ile, mwanzo, katikati, mwisho. Hakuwaambia mimi ni nani. Kwa hilo namshukuru.

Jumapili, 16 Juni

Nimefua.

Jumamosi, 22 Juni

Korongo tena. Leo watoto wamekuwa wawili, mmoja kwapani na mmoja mgongoni. Breki alikuwa ametushushia maji ya kunywa, akasikia, akanitazama. Mimi nikatazama viatu vya wageni, kama vimefungwa vizuri.

Jumatatu, 1 Julai

Watu wanane, wote walimu. Wamenisahihisha kuhusu aina za mawe. Nimekubali.

Jumanne, 9 Julai

Simu ya kwanza leo asubuhi: "Ninyi ndio mnaopeleka watu kwenye Mwamba wa Shujaa?" Nikasema hatuna sehemu ya jina hilo. Shemeji akanipokonya simu. "Ndiyo, ndugu, ni sisi." Alipomaliza akachukua kalamu nene akaandika kwenye ubao wa ratiba, chini ya Kreta, Pango, Ufukwe Mweusi: Mwamba wa Shujaa.

"Watu wameshaanza kuuita hivyo wenyewe," akasema, bado kanipa mgongo. "Mimi naandika tu."

Nilifikiri: huyu mtu anamuuza ndugu yake. Nililifikiria kama vile mtu anavyosoma tangazo ukutani. Kisha nikachukua majina ya wageni tukaondoka.

Ijumaa, 19 Julai

Mama amerudi sokoni na nyanya nyingi kuliko uwezo wetu wa kuzila. Kasema muuza nyanya kamwongeza. "Ananiita mama shujaa." Aliweka nyanya mezani akazipanga, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. "Eti watoto walikuwa watatu?"

"Sijui, Mama. Sikuwepo."

"Hata mimi sikuwepo," akasema. Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote tuliyowahi kuambiana kuhusu jambo hilo.

Jumapili, 28 Julai

Vumbi. Sijaona wingu wiki nzima. Kwenye uwanda wa mawe meusi soli za viatu vya mgeni mmoja zimebanduka kwa joto. Nimezifunga kwa kamba akarudi anachechemea, anapiga picha.

Jumamosi, 3 Agosti

Korongo. Mara hii kuna na maneno ya mwisho. Shemeji anasema mdogo wake aligeuka akawapungia mkono watu akasema, "Tangulieni, nakuja." Mzee mmoja alitoa kitambaa akafuta macho. Mimi nilikuwa nahesabu vichwa, kama kawaida.

Mume wangu hakuwa mtu wa kupunga mkono. Alikuwa mtu wa kutania. Ukimwaga chai alikuwa anakupigia makofi.

Wageni walipoingia bwawani kuoga nilipanda nyuma ya mgomba pori mmoja kutafuta pa kujisaidia, nikamkuta Shemeji ameinama anatapika. Alikuwa ameshika ukuta wa korongo kwa mikono miwili. Hakuniona. Nikarudi nilikotoka.

Alhamisi, 8 Agosti

Gari limekataa kuwaka njiani kurudi kutoka pangoni. Wageni walikaa kivulini, Breki akalala chini ya gari na mimi nikawa wa kumpa spana. Akiwa hukohuko chini akasema, "Dada, nikuulize kitu kisichonihusu?"

"Uliza."

"Kile kikundi cha siku ile, cha mwaka jana. Wewe ndiye uliyewapokea kwa simu. Walikuwa kina nani?"

Nikakumbuka bila shida. "Wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni. Walikuja kustarehe mwisho wa mwaka wao."

"Watu wazima watupu."

"Ndiyo."

"Nami ndiye niliyewabeba. Sasa mtoto alitoka wapi?" Akatoa mkono chini ya gari. "Nipe namba kumi na tatu."

Nikampa. Gari likawaka. Nilikaa kiti cha mbele nikanywa maji. Nimeandika majina ya watu wale kwa mkono wangu mwenyewe, nikawapa na maelekezo ya viatu, na mwaka mzima nimesikiliza habari ya mtoto bila kujiuliza mtoto wa nani.

Nyumbani nilisubiri hasira ije. Nilimaliza kula inakuja, nikaosha vyombo inakuja. Haikuja. Nikanawa miguu nikalala.

Ijumaa, 9 Agosti

Kreta, wageni kumi na mmoja. Sikumuuliza Shemeji.

Jumanne, 20 Agosti

Ufukwe mweusi. Maharusi wawili walitaka niwapige picha wakiruka. Waliruka mara nyingi. Kila mara mmoja anawahi kushuka.

Jumatatu, 2 Septemba

Sijamuuliza bado. Namtazama tu. Zamani nilikuwa naona mtu mnene mwenye sauti, mwenye funguo nyingi kiunoni. Sasa naona suruali inakazwa kwa tundu jipya la mkanda. Mwaka huu hatubebi chakula korongoni, wageni wanalishwa ofisini wakirudi. Wanalalamika kwamba njaa inawauma. Shemeji anawajibu kwamba chakula kinavuta nyani. Kule chini hakuna nyani, hawajawahi kuwepo. Na yeye mwenyewe hali hata ofisini. Anawagawia wageni, anawachekesha, anakusanya sahani.

Nilikuwa nadhani ameipenda ile habari. Leo nimemwona kabla hajaanza kusimulia, anavyojifuta viganja kwenye suruali, na nikawaza kwamba anaisimulia kama mtu anayekanyaga jambo ili lisiinuke.

Jumamosi, 14 Septemba

Korongo mara mbili kwa siku. Watoto watatu. Muuza nyanya alijua kabla yangu.

Jumatano, 25 Septemba

Saa za alasiri kilele kimeanza kuvaa wingu. Likija linakaa kidogo linaondoka. Mlinzi wa geti la korongo kasema mvua za mwaka huu zina haraka. Shemeji kasema huyo mlinzi kila mwaka anasema hivyo.

Jumanne, 1 Oktoba

Mama anataka kwenda korongoni.

Tulikuwa tunachambua mchele, sinia katikati yetu. Akasema, "Jumapili mna nafasi kwenye gari?"

"Ya kwenda wapi, Mama?"

"Huko mnakowapeleka watu. Kila mtu kapaona alipofia mwanangu isipokuwa mimi. Watu wa ng'ambo wamepaona."

Nikamwambia ngazi ni nyingi. Akasema yeye si mlemavu. Nikamwambia na mvua zinakaribia. Akapuliza pumba pembeni ya sinia. "Basi tuwahi."

Nilimweleza Shemeji ofisini. Alikaa kwenye benchi la wageni, mahali ambapo hajawahi kukaa. "Kasema anataka kusikia?"

"Kasema anataka kupaona."

"Na atasikia," akasema. Nilikuwa naweza kumuuliza pale. Tulikuwa wawili tu na feni. Simu ikalia, nikaipokea.

Jumamosi, 5 Oktoba

Wingu toka asubuhi. Kreta haikuonekana. Wageni wametazama weupe, wakapiga picha ya weupe.

Jumatatu, 7 Oktoba

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo, nimekaa jikoni. Mama amelala chumbani kwake, mlango wazi.

Tuliondoka jana asubuhi na wageni saba, Mama akiwa wa nane. Alivaa viatu vyangu vya mpira na soksi mbili ili visimtoke. Wageni tuliwaambia ni mzazi wetu, basi. Bibi mmoja mgeni, mwenye mkoba wa ngozi begani, alimpisha kiti cha dirishani.

Getini jua lilikuwa linawaka. Ila nilipotazama juu, kilele hakikuwepo kabisa. Wingu lilikuwa limeshuka hadi nusu ya mlima, na lilikuwa jeusi kwa ndani. Nikamwambia Shemeji, "Juu kumefunga."

"Ukungu huo. Jana si ulikuwa hivyohivyo?"

Jumamosi haukuwa hivyo. Jumamosi ulikuwa mweupe. Niliona, na nikasema mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayetaja saa. Kisha nikafungua geti.

Tulishuka polepole kwa ajili ya Mama. Shemeji alimtangulia, kila ngazi anageuka kumpa mkono, na kila ngazi Mama anashika kamba. Chini aliingia mtoni bila kusita, gauni kalikusanya mkono mmoja. Tukafika kwenye mwamba. Hakuugusa. Alitafuta jiwe dogo upande wa pili akakaa akiutazama, mikono mapajani, kama mtu aliyefika mapema kwenye mkutano.

Wageni wakajipanga. Wengine walikuwa wamekuja kwa ajili ya habari hiyo, walishaisikia kwa waliotangulia. Shemeji akajifuta viganja. Akaanza. "Mwaka jana, mwishoni mwa msimu kama huu." Mvua kule juu, jua huku chini. Alipofika kwa watoto akasimama. Akamtazama Mama. Akasema, "Kulikuwa na mtoto." Mmoja tu. Sauti ilikuwa inapungua. Akasema, "Mdogo wangu alirudi," akanyamaza, na wageni wakadhani amezidiwa na uchungu, wakainamisha vichwa.

Kwa sababu ya kimya kile ndipo nilipoyatazama maji. Yalikuwa yananipita kwenye vifundo vya miguu, na yalikuwa na majani mabichi. Si makavu ya kiangazi, mabichi, yamechanwa na vijiti vyake. Nikainama. Maji yalikuwa yameanza kuwa rangi ya chai ya maziwa.

Sikumbuki kama niliogopa. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Wote ngazini sasa hivi. Acheni kila kitu." Ilikuwa kubwa na haikuwa na hasira. Wageni wawili waliokuwa wameshavua mashati waende bwawani wakaanza kuyatafuta mashati. Nikawasukuma. Nikamshika Mama chini ya kwapa, akasimama mwepesi kuliko nilivyotegemea. Shemeji alikuwa hajasogea. Nikampiga begani kwa ngumi. "Shemeji. Watu."

Akaamka. Kuanzia hapo alifanya kazi kama mtu wa kazi. Alisimama katikati ya mto akawa daraja, anawapokea kwa mkono mmoja na kuwapitisha kwa mwingine, na maji yakawa magotini, kisha mapajani. Nilipanda na Mama hadi kwenye ngazi pana ya mapumziko, juu ya mstari ambao hifadhi wameuchora kuonyesha mafuriko yanapofika, nikahesabu. Saba. Mama wa nane. Shemeji akapanda wa mwisho, anatweta. Tulikuwa wote.

Hapo bibi mgeni akajipapasa bega. "Mkoba wangu. Nimeuacha kwenye jiwe. Una pasipoti zetu zote." Uso ukamwiva. "Niliuweka pale tu, jamani, pale."

Ulionekana. Ulikuwa kwenye jiwe alilokuwa amekalia Mama, na maji yalikuwa bado hayajaufikia. Mtu mwenye miguu mirefu angeweza kuufuata na kurudi. Ndivyo ulivyoonekana kutoka pale juu.

Shemeji akageuka akaanza kushuka.

Nilimwita. Hakusikia au hakutaka. Alishashuka ngazi kadhaa Mama aliponipita. Sijui alitoa wapi mbio na viatu vile. Alimkamata fulana kwa nyuma, mikono miwili, akakaa kitako kwenye ngazi akiwa bado ameishikilia, kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Huendi," akasema.

"Mama, niache. Ni pale tu. Naufikia."

"Huendi."

"Niache, Mama, naufikia, ni dakika moja." Alikuwa analia. Hakuwa anamvuta Mama, angeweza kumburuta kirahisi. Alikuwa amesimama tu, amenyoosha mikono kuelekea ule mkoba.

Kisha maji yakaja. Yalikuja kwanza kama upepo, majani ya ukutani yakatikisika, halafu ukuta wa matope na magogo ukapita chini yetu kwa kelele ya kuziba masikio. Jiwe halikuwepo tena. Mwamba haukuwepo. Ngazi za chini alizokuwa anaziendea Shemeji hazikuwepo. Manyunyu ya baridi yakatupiga nyuso. Bibi mgeni alikaa chini akashika kichwa, akasema, "Nisamehe, baba, nisamehe," akimwambia Shemeji.

Tukapanda hadi getini. Breki alikuwa amewasha gari. Wageni wakaingia, wamejifunika taulo. Mama alibaki amesimama chini ya kibanda cha mlinzi, na Shemeji mbele yake, maji yanamchuruzika. Mimi nilikuwa karibu, nimeshika mlango wa gari.

Mama akauliza, "Mtoto alikuwa wapi?"

Shemeji akakamua pindo la fulana.

"Nimekaa palepale. Nimepaona. Mtoto alikuwa wapi?"

"Hakukuwa na mtoto, Mama."

"Alirudia nini?"

Shemeji alifuta uso kwa mkono wenye matope akaupaka zaidi. "Boksi la chakula. Tulilisahau chini. Alikuwa ameshapanda, amekaa, anakamua soksi. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilisema boksi limebaki, watu watakula nini? Akanicheka. Akasema, 'Wewe na matumbo ya watu.' Akaweka soksi kwenye kamba, akashuka."

Mama alimtazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nasikiliza yale maneno. Wewe na matumbo ya watu. Hicho kicheko nilikijua kilivyo, kinaanzia puani. Kiangazi kizima nimesimama mbele ya ule mwamba nikisikia habari za mtu nisiyemfahamu, na sasa, getini, nimemsikia mume wangu.

Mama aliingia garini akakaa dirishani. Shemeji akapanda nyuma kabisa, kwenye matairi ya akiba. Breki hakukanyaga breki hata mara moja hadi mjini.

Jumatano, 9 Oktoba

Hifadhi wamefunga korongo. Wageni wamepata hati za muda, wameondoka. Shemeji hajaonekana ofisini. Simu zinauliza Mwamba wa Shujaa, najibu umefungwa. Mmoja akauliza habari yenyewe ni ipi hasa. Nikamwambia, "Mume wangu alirudi kuchukua chakula cha wageni, maji yakamkuta." Akasema pole. Nikasema asante. Kisha nikafuta ule mstari ubaoni, kwa kuwa hakuna anayekwenda.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mama anapika, anakula, anafunga madirisha.

Jumamosi, 12 Oktoba

Leo asubuhi nimemkuta ameweka nguo zake kitandani, zimekunjwa.

"Unarudi kwako, Mama?"

"Nakwenda kwa yule."

"Kumsalimia?"

"Kukaa." Alikuwa anatafuta begi chini ya kitanda. Nikamtolea. "Breki kanambia wamemkuta ndani ya gari lake, limezimwa, mbele ya nyumba. Kakaa humo toka alfajiri hadi jua kuchwa. Wewe unalala siku hizi, nakusikia. Unakula, hata kama huoni ladha. Wewe utakuwepo. Yule sina hakika naye."

Nilishika pembe moja ya shuka, yeye akashika nyingine, tukaikunja. Nikamuuliza, "Umemsamehe?"

Akafikiri kweli, alisimama kabisa na shuka mkononi. "Sijui. Sijafika huko. Nakwenda kumpikia."

Breki alitupeleka. Shemeji alifungua mlango, ndevu zimemjaa, fulana ileile. Alipoona begi alirudi nyuma hatua moja. Mama akampita, akaenda moja kwa moja jikoni, tukasikia makabati yanafunguliwa na kufungwa.

"Chumvi unaweka wapi?" akauliza kutoka kule.

Shemeji alikuwa ananitazama mimi. Akasema, "Shemeji, mimi," na hapo akakwama. Nilimngoja. Nilijitafuta ndani nione kama kuna kitu cha kumwambia, kibaya au kizuri, nikakuta uchovu tu, na kwamba nilitaka yule mtu ale.

"Kamwonyeshe chumvi," nikasema.

Jumapili, 13 Oktoba

Nyumba ni kubwa. Sikujua madirisha ni mengi hivi.

Jumapili, 20 Oktoba

Mvua zimeshika. Nimekula kwao leo. Hakuna aliyesimulia chochote. Mama alimjazia sahani mara mbili, akala ya kwanza yote, ya pili nusu. Wakati wa kuondoka Shemeji alinisindikiza na mwavuli hadi njia kuu. Alisema msimu ujao anaweza asifungue. Nikamwambia tutaona. Akasema kama akifungua, korongoni hatampeleka mtu. Nikamwambia tutaona, Shemeji. Tulisimama pale hadi viatu vyetu vikajaa maji.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo nilimwomba Breki anipandishe kreta. Akauliza wageni wangapi. Nikasema mimi.

Kazi yetu inakutaka usimame ukingoni unaipa kreta mgongo, uso kwa wageni, ili usikie maswali na uone anayetaka kuteleza. Kiangazi kizima nimekuwa nikiona mji kwa mbali na nyuso za watu wakishangaa kitu kilichoko nyuma yangu. Leo Breki alibaki garini. Nikashika kamba nikageuka.

Palikuwa na ukungu mtupu. Nikangoja. Mvua ilikuwa nyembamba, ya kupita kwenye nguo bila kelele. Kuna muda ukungu ulifunguka upande mmoja, nikaona kipande cha ziwa kule chini, kijivu, kinafuka moshi, na ndege mmoja anakatiza. Ukungu ukafunga. Ukafunguka tena padogo.

Breki alikuja na koti lake la mvua. "Dada, umeloa chapachapa."

"Najua. Nasikia baridi."

Meno yalikuwa yanagongana hata maneno hayakutoka vizuri. Akanitupia koti mabegani, akauliza tuondoke.

Nikamwambia bado.